Gurudumu Moja Ambalo Fundi Edeku Hakulikagua

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya Busia, Fundi John Edeku anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ofisi imeniomba mimi, Moses Owori, niliyefanya naye kazi miaka sita, niandike maneno matamu ya kusomwa kwenye sherehe. Nashuku hawakufikiri vizuri kabla ya kunichagua.

Edeku alizaliwa Tororo, akajifunza ufundi kwenye malori ya saruji, na mwaka 1996 akaja kwetu na sanduku la spana na tabia ya kutomwamini mtu. Hakuamini vipuri vipya hata vikija na karatasi zake. Hakuamini dereva aliyeapa kwamba hakuingia shimoni. Hata chai ya kantini aliinusa kwanza. Gari likifunguliwa gurudumu, aliliamuru liende hadi Tororo na kurudi, kisha akazikaza nati upya kwa mkono wake mwenyewe. Sisi nasi tulimshuku. Tuliamini kabisa kwamba ana mke wa pili kule anayepelekewa sukari, mpaka siku moja nikapanda gari la majaribio nihakikishe. Hakukuwa na sukari wala mke.

Mtu wa namna hiyo alistahili kuwa mkuu wa karakana, lakini anaondoka kama fundi wa kawaida. Sababu ni barua moja ya onyo iliyo kwenye faili lake tangu Agosti 2019. Wengi wenu mmesikia kwamba macho yake yalizeeka, au kwamba aliuza kipuri kizuri akafunga cha bandia. Mimi najua kilichotokea.

Pikapu ya ofisi ilivunjika stadi moja, ile bolti inayoshika gurudumu kwenye habu, yaani kitovu chake. Kazi nilipewa mimi, nikiwa na miezi mitatu tu hapa, bado kwenye majaribio. Niligonga iliyovunjika ikatoka, nikaivuta mpya kwa nati mpaka ikakaa. Kabla ya kurudisha diski ya breki, uso wa habu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi ung'ae, kwa sababu kutu ikibaki diski haikai sawa, na nati hulegea gari likitembea. Nilisugua nusu. Ilikuwa siku ya soko, na nilitaka kuwahi viatu vya mitumba upande wa Kenya.

Nilipokuwa nimesharudisha diski na gurudumu, Edeku akaja kukagua, kama kawaida yake.

"Owori, umesugua yote?"

"Yote, Mzee. Iko safi."

Alichukua spana yake. "Sawa. Leo mimi naamini wewe." Akakaza nati bila kulifungua gurudumu wala kulituma gari Tororo, akatia sahihi kwenye kadi ya kazi.

Karibu na Busitema gurudumu lilianza kucheza. Dereva wetu Rasto, aliyekuwa amembeba Scovia wa mapokezi pamoja na mtoto mchanga wa Scovia, alisimama mara moja akakuta nati mbili zimeshaanguka. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Ofisi ilitazama sahihi kwenye kadi ikamwita Edeku. Nilipoulizwa, nilisema sijui lolote.

Edeku mwenyewe ndiye aliyelifungua gurudumu lile tena, na kutu akaiona. Hakunitaja. Alianza tu kukagua kila kazi yangu mara mbili, na miaka yote hii nimeshuku kwamba ananitafutia kosa la kunilipizia. Wiki iliyopita nilijikaza nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alijibu huku akipangusa spana zake: "Wewe wangefukuza. Mimi waliandika tu."

Leo asubuhi nimempa meneja maelezo haya yote kwa maandishi, na nimeomba barua ile itolewe kwenye faili la Edeku iwekwe kwenye langu. Lolote litakalonipata nimelikubali.

Mzee Edeku, karakana nzima inakushukuru, na madereva wanaorudi nyumbani wakiwa wazima wanakushukuru zaidi. Tunakuombea afya, mavuno mazuri na usingizi mtamu huko Tororo. Kwa miaka ishirini na tisa uliacha kushuku siku moja tu, na uliyemwamini nilikuwa mimi. Nisamehe.