Waliniomba Stori, Nikawapa Istwari

Ndugu zangu, amani kwenu. Ninyi mliosimama mlangoni ingieni, benchi la kwaya liko wazi, na ushuhuda wangu haumng'ati mtu. Au unang'ata kidogo, mtanisamehe. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme leo kwa sababu baadhi yenu wiki ijayo mnakwenda Mbarara kusimama mbele ya wawekezaji. Mimi nilisimama pale kabla yenu nikaanguka, tena nikaanguka huku nikipigiwa makofi. Sitataja jina la mtu. Mkimtambua mtu, kaeni naye moyoni.

Kazi yetu mnaijua, ni sombe. Tulianza watu watatu. Kuna mama mmoja wa hapa kambini, Rubondo, nitamwita mama wa kinu, yeye ndiye mtwangaji. Kuna kaka mmoja wa Juru, nitamwita kaka wa baiskeli, yeye alizunguka kwa wakulima akinunua majani ya muhogo na kutuletea asubuhi, kabla jua halijayanyausha. Majani yakinyauka ni hasara, sombe linakuwa jeusi na hakuna anayelitaka. Na mimi, kama mnavyonijua, nilikuwa mdomo. Mama alitwanga, tukachemsha hadi uchungu wote utoke, tukaanika, tukafunga kwenye pakiti, nami nikazipeleka Mbarara.

Kwa nini Mbarara? Watu wetu ni wengi kule, wanasoma na kufanya biashara, na wanakaa kwenye vyumba vya kupanga. Sasa mpangaji atatwanga wapi? Nilimfahamu dada mmoja aliyefukuzwa chumba kwa sababu ya kinu. Mwenye nyumba alisema ukuta unatikisika na wapangaji wengine hawalali. Dada yule aliponunua pakiti yetu ya kwanza, akaitia mawese na karanga, alinipigia simu akiwa anakula. Sikusikia alichosema, mdomo ulikuwa umejaa.

Basi wateja wakaongezeka kuliko kinu. Bega la mama likaanza kumsumbua, ikafika mahali hawezi kuinua mkono kufunga kitambaa kichwani. Na duka moja la mjini likatuambia wazi: leteni kila wiki bila kukosa, la sivyo nafasi yenu kwenye rafu tunampa mwingine. Tulihitaji mashine ya kusaga na nyumba ya kukaushia. Bila hivyo kazi ilikuwa inakufa mikononi mwetu. Tukasikia kuna wawekezaji watakaa kwenye ukumbi mmoja Mbarara kusikiliza wenye biashara ndogo. Tukakubaliana niende peke yangu. Nani aache majani yaharibike? Mdomo uende, mikono ibaki. Tuliona ni akili.

Sasa sikilizeni neno moja, maana hapo ndipo nilipoangukia. Kwetu sisi, istwari ni nini? Ni ile unayoipeleka ofisi ya wakimbizi ukiulizwa ulikimbia nini. Unaisema peke yako, mlango umefungwa. Unaeleza ulikotoka, nini kilitokea, na ni nani aliyekutenda. Huongezi wala hupunguzi, kwa sababu ukigeuza kitu kidogo watasema unadanganya. Tumeisema hadi inatoka yenyewe. Ukiniamsha usingizini nitakupa yangu kabla sijafungua macho. Mnacheka, lakini na ninyi ni hivyo hivyo.

Niliingia ukumbini na pakiti zangu kwenye mfuko. Mbele walikaa watu wenye kompyuta. Mmoja wao alikuwa mama wa Kinyankore, mfanyabiashara, mwenye Kiswahili cha sokoni. Aliona nimeukumbatia ule mfuko, akanitabasamia, akasema: "Sasa mama, usiogope. Wewe leta tu stori yako."

Stori! Ndugu zangu, alitaka kusikia habari ya sombe. Mimi nikasikia istwari. Kila nilichokuwa nimepanga kilikimbia, na ile nyingine ikaingia mdomoni. Niliwapa yote: nyumba yetu na moto, kaka yangu aliyebaki kule, njia tuliyopita na mtoto mgongoni. Nikafika pale panapoulizwa ni nani aliyetenda, nikawataja watu wale kwa kabila lao, kama ninavyowataja siku zote ofisini. Wengine walifuta machozi. Nilipomaliza wakasimama wakanipigia makofi, mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yote miwili akiniambia pole. Nikatoka nikijua tumeshinda. Nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikagundua pakiti zote bado zimo mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninauza nini.

Asubuhi iliyofuata majani hayakuja. Tukasema labda baiskeli imetoboka. Siku iliyofuata hayakuja tena. Mama wa kinu alikuwa ameketi kando ya kinu kitupu, simu mapajani. Mtu mmoja pale ukumbini alikuwa amenirekodi, kwa nia njema kabisa, akaweka kwenye kundi la simu, na lile kundi nusu ya kambi imo. Mama akaniuliza: "Weye, ulisema nini kule?" Akabonyeza, nikajisikia mwenyewe nikilitaja lile kabila, sauti imetulia kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

Kaka wa baiskeli ni wa watu wale.

Naona wengine mmeinamisha vichwa. Ninajua. Humu ndani tumekaa wa pande zote, tunaimba wimbo mmoja, na hatuulizani. Kaka yule tulikuwa tumefanya naye kazi muda mrefu, tumekula sahani moja, na hata siku moja sikumwuliza alikimbia nini. Naye hakuniuliza. Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Siku zikapita. Duka likapiga simu, sikupokea. Halafu akapiga yule mama wa Kinyankore, nikapokea nikidhani analeta habari njema. Akasema: "Mama, mimi nilisikia uchungu yako, na nililia. Lakini biashara sikusikia. Na wewe ulisema mimi, mimi, mimi. Hiyo watu yenye mnafanya nao kazi iko wapi?" Akaendelea kusema kwamba watakaa tena wiki inayokuja, kwa mara ya mwisho. "Kuja na hao watu. Kama hawako, usikuje."

Niliogopa Juru kuliko nilivyoogopa ukumbi. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta kaka nje kwake amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Mke wake aliniletea kiti, akaingia ndani bila kunisalimu, na hilo kutoka kwa mama yule mkarimu lilikuwa kofi. Nikaanza kusema sikukusudia, nimezoea kusema hivyo, na yeye akaendelea na gurudumu lake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mwishowe akalisimamisha kwa mkono. "Dada, na miye niko na istwari," akasema. "Unajua mu istwari yangu muko banani? Muko batu ba kwenu."

Nikakaa kwenye kile kiti.

"Sikukuambiaka juu nilipenda tutumike kazi tu," akasema. "Sasa sema yako tena. Lakini uniangalie."

Ndugu zangu, nawaambia, ile istwari niliyoijua kama Baba Yetu ilinishinda. Jaribu kuisema ukimtazama mtu uliyekula naye. Ilitoka vipande vipande, na pale pa kutaja kabila ulimi uligoma, nikasema tu "watu waliokuja". Kisha yeye akasema yake. Kulikuwa na nyumba na moto, kulikuwa na njia na mtoto mgongoni, na watu waliokuja walikuwa wa kwetu. Mimi nililia. Yeye hakulia. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha kwa niaba ya watu, maana nani ametutuma? Nilimwambia kuhusu simu ya Mbarara. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Alisema nirudi nyumbani kabla ya mvua.

Asubuhi majani yalikuwa kwenye ua wa mama wa kinu, mabichi, yana umande. Kaka alikuwa ameshaondoka.

Akaja kesho yake, akakaa. Tukaanza kujipanga pale uani, na mama ndiye aliyetoa sheria. Kila mtu aseme kipande chake, kile anachokifanya kwa mikono yake, na kwa nini anakifanya. Nilipojaribu kurembesha kidogo akanikata: "Hapana kulia. Mutalia ku kanisa." Kaka wa baiskeli alisema kipande chake akikitazama kinu. Mimi hakunitazama hata mara moja. Tulirudia hadi majirani wakavijua vipande vyetu, lakini mimi sikuwa na amani. Mtu asiyekutazama utajuaje kama atasimama na wewe?

Siku ikafika, tukaenda watatu. Mama alibeba mchi wake, na mlinzi wa mlangoni alitaka kujua mama huyu anakwenda kumpiga nani. Tulipoitwa, kaka akaanza. Alieleza anavyotoka kwake kabla ya jua, anavyolijua jani zuri kwa kulikunja, na wakulima wa Juru ambao zamani majani hayo waliwaachia mbuzi na sasa wanamngojea barabarani. Mama akapokea. Akaeleza bega lake, akainua mkono hadi ulipokwama, akaushusha. Mimi nikamalizia na yule dada aliyefukuzwa chumba kwa sababu ya kinu. Nilieleza jinsi alivyo, na ile simu ya mdomo uliojaa. Watu wakacheka. Yule mama wa Kinyankore akauliza: "Lakini hii majani si chakula ya mbuzi?" Mama wa kinu alifunua sufuria ndogo, akampa kijiko. Sufuria ikazunguka meza yote.

Nikaanza kupumua. Hapo ndipo yule mzee aliyewahi kunishika mkono alipoweka kijiko chini. Akazungumza kwa Kiingereza, akimtazama kaka, na yule mama akatafsiri, naye niliona hataki kutafsiri. Alisema mzee ameona ile video. Anauliza, huyu dada alisema watu wako walichoma nyumba yake. Sasa sisi tukiweka pesa zetu hapa, halafu siku moja wewe ukikasirika, majani yatatoka wapi?

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikafungua mdomo, maana ndiyo kazi yangu, na mama wa kinu akanikanyaga. Tukangoja. Kaka alikuwa anatazama sakafu. Aliitazama kwa muda ambao mimi nilimaliza kuzika kazi yetu, nikaona kinu kikigeuzwa kiti cha kuku.

Kisha akainua uso. Akanitazama mimi kwanza. Halafu akamwambia yule mzee: "Nilishakasirika, baba. Na mutu nilimukasirikia ni huyu, tuko naye."

Yule mama alitafsiri polepole. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akachukua kijiko chake, akaendelea kula.

Walitoka nje kushauriana, wakarudi, wakasema wataingia nasi kwenye kazi hii. Mashine ndiyo ile mnayoisikia ikinguruma mnapokwenda kisimani, na samahani kwa kelele. Yule mama aliniambia baadaye kwamba chakula kizuri wamekionja kwa watu wengi mwaka ule. Walichokuwa wanatafuta ni watu ambao jambo likiharibika bado watakuwa pamoja, na sisi letu lilikuwa limeshaharibika mbele ya macho yao.

Basi ninyi mnaokwenda wiki ijayo, mkiulizwa stori, msiwape istwari. Istwari ni ya kweli, sikuidharau na sitaidharau, lakini ni ya mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Stori ya kazi ina watu. Semeni nani anatoka kabla ya jua, nani bega linamuuma, nani kule mjini anawangoja. Nendeni pamoja hata kama nauli inauma. Na kabla hamjajieleza kwa wageni, jielezeni ninyi kwa ninyi, mkitazamana, na kama ni kulia mlie huko huko.

Nawashukuru ninyi mlioniombea wakati wengine wananisema. Namshukuru mama wa Kinyankore aliyepiga simu, maana angeweza kunihurumia na kunisahau. Namshukuru mama wa kinu, ambaye bega lake sasa linafunga kitambaa bila msaada. Nanyi mnajua amekifunga kwa madaha leo, msimgeukie.

Na kaka yangu. Siku ile tulipotoka ukumbini nilimshika shati nikamwuliza kama amenisamehe. Akanijibu: "Tuende, dada, majani itanyauka." Nilikasirika kidogo, nilitaka jibu. Tangu hapo sijauliza tena, na majani hayajakosa kuja.

Ninamwona pale mlangoni, amekataa benchi la kwaya. Baiskeli iko nje imebeba hadi juu, na ananionyesha jua kwa kidole. Ndugu zangu, Mungu awatangulie Mbarara. Mimi ninaitwa kazini.