Siku Mahakama Ilipongoja Mikono ya Mtoto

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya kibanda ninachoshonea viatu, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli. Muuza kahawa huweka birika lake hapo jioni, na maneno huchemka kabla ya kahawa. Redio, kinyozi wa jirani, hazimiki. Wakili hajasoma sheria, ila ameshtakiwa mara nyingi mpaka akaizoea. Wa tatu ni Cheche, mchomea mageti. Jioni ile alikuja moja kwa moja kutoka mahakamani, akiwa na shati lililopigwa pasi, akakaa bila salamu.

Tulijua kilichompeleka huko. Yeye na mkewe wameachana, na kila mmoja anamtaka binti yao, mtoto wa pekee, anayekaribia miaka kumi. Mtoto huyo hasikii tangu kuzaliwa.

Cheche akatueleza. Kikao kilichopita, kaka yake mkubwa alisimama akasema hakuna haja ya kumuuliza mtoto, maana hasikii wala hasemi, wakubwa wataamua. Hakimu, mama mmoja wa sauti ya chini, alimwacha amalize. Kisha akasema:

— Mataifa yamekubaliana kwamba mtoto mwenye maoni yake asikilizwe kwenye jambo linalomhusu. Hayakusema lazima awe na sauti.

Akaahirisha kesi mpaka apatikane mkalimani wa lugha ya alama. Siku hiyo ndipo alipopatikana.

— Yaani mahakama nzima imemngoja mtoto? Redio aliuliza.

— Imemngoja.

Kijiwe kikawaka. Wakili akasema kama ni makubaliano ya mataifa, basi mtoto akinyimwa sukari anaweza kuishtaki nchi. Redio akaona hilo dogo: kesho kichanga kitataka mkalimani wa kilio chake, na aliye tumboni ataulizwa kama Jumatatu inamfaa kuzaliwa. Wakili, asiyekubali kushindwa, akafunga kwa methali:

— Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akakumbuka kwamba mtoto anayezungumziwa hasikii. Akainamia kikombe chake.

Cheche hakukasirika. Sidhani hata alimsikia. Aliendelea kutueleza kwamba hakimu alishuka kwenye kiti chake, akavuta kiti cha kawaida, akakaa macho kwa macho na mtoto. Jambo la kwanza alimuuliza angependa nani abaki chumbani. Mtoto akatazama ukoo wote uliojipanga kwenye viti, kisha akawaonyesha baba na mama tu. Wengine wakatoka. Kaka yake Cheche, ambaye hata kwenye misiba haongei mtu kabla yake, akatolewa nje kwa kidole cha mtoto.

— Halafu akaongea, Cheche alisema. Jamani, akaongea. Nyumbani mimi najua alama zake za njaa, maji na usingizi, basi. Nilidhani ndiyo yote aliyo nayo. Pale mikono ilikwenda mpaka mkalimani akamwomba apunguze mwendo. Alitaniana na yule mkalimani. Wakacheka. Mwanangu ana utani, na mimi sikujua.

Nilikuwa na kiatu mapajani na sindano mkononi, nikaviacha hivyo hivyo.

— Alisemaje? nikamuuliza.

— Alisema, "Nataka kukaa na mama kwa sababu tunaongea. Baba nampenda. Lakini nikiwa naye huwa niko peke yangu, na yeye yupo."

Hakimu akampa mama mtoto, likizo za shule akampa baba. Akamuuliza Cheche kama yuko tayari kujifunza lugha ya binti yake. Cheche akaitikia kwa kichwa. Mtoto alimwona, akacheka; jibu hilo halikuhitaji mkalimani.

Kwenye ukingo wa benchi alikuwa amekaa mwanamke tusiyemjua, anasubiri nimshonee mkanda wa mkoba. Alikuwa amesikiliza kimya muda wote. Akamgeukia Cheche kwa upole.

— Samahani, kaka. Mdogo wangu naye hasikii. Wasiosikia hupeana majina kwa alama. Kila mtu ana lake. Binti yako anaitwa nani kwa mikono?

Cheche hakulijua. Akatutazama mmoja mmoja, sisi tuliomwona mtoto huyo akikua, tukimwita kwa kupunga mikono.

Cheche akaweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu, akavuka barabara kuelekea kwa mkewe wa zamani, kwenda kumuuliza binti mwenyewe.