Mama Futi, Aliyechelewa Kuuachia Mkasi

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Futi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe. Mimi ni kitinda mimba, na nguo zangu zote za utotoni alinishonea yeye, nitake nisitake.

Alimaliza shule ya msingi, akaenda chuo cha ushonaji. Mwaka 1979 aliolewa na dereva wa lori. Siku ya harusi aliingia ukumbini na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Shemeji akamnong'oneza, "Mke wangu, leo hatushoni."

Shemeji alifariki kwa ajali mwaka 1994. Nduguze wakabeba mpaka vitanda. Cherehani ilibaki kwa sababu dada aliikumbatia akakataa kubanduka. Kwa cherehani hiyo alilea watoto wake wawili, na chumba cha mbele akakigeuza darasa la wajane wenzake. Alikuwa mkali, jamani! Mshono ukipinda unafumua, ulie usilie. Lakini wanawake walioingia mle wakiwa hawana mbele wala nyuma walisomesha watoto kwa kushona sare za shule.

Ila kukata, alikata mwenyewe. "Kitambaa kikiharibika, atawalisha nani?" alisema. Tulimsihi awafundishe na hilo. Akatujibu, "Mwakani." Hiyo mwakani ndiyo inayotuuma leo.

Mwaka jana kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Oda zikakwama, mafundi hodari wakakaa mbele ya majora ya vitambaa wakitazamana. Akawaita kitandani, akawa anawaelekeza kwa mkono wa kushoto, wakikata magazeti. Siku moja alilia mbele yao: "Niliwaonea huruma, kumbe niliwafunga mikono." Kiharusi cha pili kilimchukua alfajiri ya tarehe 2 Juni mwaka huu, kabla hajawaona wakikata kitambaa chenyewe.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na wanawake wa chumba cha mbele. Gauni alilovaa humo jenezani wamelikata wao jana. Bega la kushoto limepanda kidogo. Yule aliyeshika mkasi aliniuliza, "Kaka, hili angelikubali?"

Wa kuulizwa hilo alikuwa dada.

Mungu akupumzishe, dada.