Nishani ya Bwana Kupe

Benchi lilikuwa taruma la reli lililopasuka, limelazwa juu ya madebe mawili nyuma ya kinu cha posho, hapo Eldoret, mji ambao watu wa kazi waliuita Sisibo. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha. Baridi ndiyo iliyokataa kwisha. Nanzala, aliyeitwa Mama Birika, aliuza kahawa ya kwao Kimilili, chungu kama ulimi wake. Wateja wake wa Jumamosi walijulikana: Elphas, mfagiaji wa ofisi ya mifugo, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa hakufagia taka tu, alifagia na habari; Wamalwa wa karakana ya reli, aliyeitwa Spana; na Mzee Kipyego wa Kapseret, aliyeitwa Kimya. Huyu alikuwa amezika mke, na watoto wake walitawanyika kwenye mashamba ya wazungu kama vifaranga walioona mwewe. Siku hiyo alikuja na ng'ombe mwekundu mwenye mdomo mweupe, akamfunga kwenye nguzo, akaketi akiitazama barabara ya Sugoi.

— Bwana Kupe anavalishwa nishani Jumatatu, alisema Elphas kabla hajakaa vizuri. Ya Kingi mwenyewe! Viti vya sherehe nimefuta mimi.

Bwana Kupe alikuwa mzungu wa mifugo. Miaka mingi alizunguka na chupa akiokota kupe, watu wakimcheka, mpaka akapata dawa ya josho, na ndigana iliyokuwa ikimaliza ng'ombe ikarudi nyuma.

— Nishani ya kuua kupe? Wamalwa alitema mate kando. Basi mama yangu apewe mbili. Ameua chawa maisha yake yote.

— Chawa wa mama yako si wa serikali. Sikiliza, Spana. Wazungu wengi wanasoma, wanaandika, wanafungia kabatini. Mimi ndiye napanguza hayo makabati. Huyu alitoa elimu yake kabatini, akaipeleka kwa ng'ombe. Ndiyo maana wanamvalisha.

— Na dawa aliipika kwa pesa ya nani? Si kodi ya kibanda? Basi kibanda changu kipewe hiyo nishani. Waje waipigilie mlangoni.

— Mlango gani? akauliza Nanzala. Wewe una gunia.

Walicheka. Kipyego hakucheka.

— Tena niwaambie siri ya reli, Wamalwa akashusha sauti. Kupe hawakufa. Walipakiwa kwenye treni, mabehewa matatu, nati nimekaza kwa mkono huu. Wakapelekwa kwa Hitla. Farasi zake wakanyonywa, wakalala chini, vita vikaisha. Hiyo nishani ni ya vita, sio ya ng'ombe!

— Ni kweli, Elphas akaunga mkono, hakutaka kupitwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi?

— Si kupe ndiye mgeni huko Ujerumani, Mama? Alienda, sisi wenyeji tukapona.

Nanzala alimgeukia mzee.

— Na wewe, Mzee? Ng'ombe wako anang'aa hivyo, huna hata neno moja la Bwana Kupe?

— Si wangu, alisema Kipyego. Ni wa Arap Birgen wa Sugoi. Leo anarudi kwao.

Wote waliijua desturi hiyo. Watu wa nyanda hizo hawakuweka ng'ombe wote boma moja. Ndigana iliweza kuingia jioni, asubuhi ukaamka maskini. Basi mtu alimpa rafiki wa mbali ng'ombe amtunzie. Rafiki akanywa maziwa, na mwenyewe akawa na mbegu mahali, hata kwake kukifagiliwa. Tena mwenye ng'ombe hakuwa na budi kwenda kuangalia mali yake. Arap Birgen alikuja kila mwezi ulipoandama. “Nimekuja kuangalia mdomo mweupe,” alisema mlangoni, na huo mdomo asiutazame hata mara moja. Wakaketi motoni, kibuyu cha maziwa ya mursik katikati, wakawasengenya walio hai na waliokufa mpaka kuni zikaisha. Wanaume wawili wazee hawawezi kuambiana “nilikukumbuka.” Ni lazima pawe na ng'ombe.

Ubaya Kipyego alijiletea mwenyewe. Mwezi uliopita alijisifu hapo motoni: josho la Kapseret limemaliza kupe, na la Sugoi pia, hakuna boma lenye hatari tena. Arap Birgen alichokoa moto kidogo, akasema, “Basi sina sababu ya kukusumbua.” Wakakubaliana ng'ombe aletwe mjini Jumamosi. Kipyego alielewa maana ya maneno yake mwenyewe baada ya mgeni kuondoka.

— Ungemwachia kupe wawili, Mzee, alisema Wamalwa. Wawili tu, ndani ya sikio.

— Waliobaki niliwatoa kwa mkono.

Hapo akatokea mtu mzima mwenye kamba begani. Hakuwa Arap Birgen. Alikuwa Paul, mwanawe. Akavua kofia.

— Chamgei, Mzee. Habari zenu, wazee. Mama.

— Baba yako ni mgonjwa? Kipyego aliuliza, na mtu angedhani anaomba jibu liwe ndiyo.

— Hapana, mzima kabisa. Ameona hakuna haja watu wawili wamfuate ng'ombe mmoja.

Nanzala alimpa kahawa, akainywa amesimama. Kisha akafungua kamba pale nguzoni.

— Amenona! Josho limesaidia kweli.

— Limesaidia, alisema Kipyego.

Aliinuka, akapitisha vidole nyuma ya sikio la ng'ombe, pale alipozoea kutafuta. Palikuwa safi.

— Mwambie baba yako nitakuja Sugoi, mwezi ukiandama.

Paul alitabasamu. Hakuwa na ubaya wowote. Alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hapeleki habari nusu nyumbani.

— Karibu sana, Mzee. Nimwambie unakuja kuangalia nini?

Gazeti hakuwa na habari. Kipyego alipapasa tena nyuma ya lile sikio safi. Ng'ombe aliijua njia ya kwao kuliko wote, akatangulia, Paul akamfuata.

Nanzala aliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee. Yalitoka mashapo. Alimmiminia hivyo hivyo, naye akanywa.