Zadock Obuya na Sauti Iliyotangulia Picha

Aliyenieleza kwanza kwamba diski na mtandao havina kipimo kimoja ni kaka yangu Zadock Obuya, tuliyekusanyika hapa Kangemi kumuaga kabla hajasafirishwa nyumbani, na familia imeniomba mimi Peres, dada yake mdogo, niwasomee maisha yake, basi walio nyuma wasogee kidogo kwa sababu sauti yangu haifiki mbali.

Zadock alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 huko Gem, Siaya, mtoto wa kwanza wa mama yetu Wilfrida na marehemu baba yetu Jackton Obuya, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 2003, kisha akaja Nairobi kusomea kompyuta katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, na wanaomkumbuka wakati huo watawaambia kwamba hakujua kutulia, hata kanisani mguu wake ulikuwa ukitikisa benchi nzima.

Mwaka 2007 alianza kutengeneza kompyuta River Road, na mwaka 2013 akaajiriwa katika ofisi moja Westlands, kazi yake ikiwa kuhamisha nakala za wateja kutoka kwenye diski zao kwenda kwenye mashine za mbali kupitia mtandao, na kila mteja alimuuliza swali moja tu, itaisha saa ngapi. Nilipomuuliza anajuaje, alinipeleka sokoni kwa maneno, akasema, "Peres, diski inauza kwa gorogoro, lile kopo kubwa la unga, ndiyo baiti, mtandao unauza kwa kikombe, ndiyo biti, na vikombe vinane ndivyo vinajaza gorogoro moja. Waya wa diski ukitoa megabaiti mia kwa sekunde, hizo ni megabiti mia nane, na mtandao wetu unapokea arobaini tu, kwa hivyo diski inakaa ikingoja."

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na wifi yangu Rachael, wakabarikiwa Anita na Jeremy, ambao aliwatembeza kila Jumamosi hadi walipochoka wao, si yeye.

Agosti 2023 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi, ikaonekana vali ya moyo imeharibika, na madaktari wakashauri upasuaji. Hapo ndipo shida ilipoanza nyumbani, kwa maana baba alifia kwenye upasuaji, na kila tulipompigia mama, akisikia neno hilo alimkabidhi jirani simu na kwenda kwa kuku wake. Zadock alikataa kuingia chumba cha upasuaji bila neno la mama. Kwa hiyo, Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, akiwa kitandani hospitalini, mwenzake wa kazini Maxwell alimpiga picha ya video kwa kamera ya ofisi, Zadock akimchorea mama moyo kwenye karatasi na kumweleza kila kitu, ili asikilize peke yake bila mtu wa kumpa simu.

Mara muuguzi akaingia, akasema nafasi imepatikana, anaingia saa mbili kutoka sasa.

Maxwell akatazama faili, gigabaiti kumi na mbili, akagawa haraka haraka kwa arobaini, kwa kuwa mtandao wa hospitali nao ulikuwa na kasi hiyo hiyo, akasema, "Bosi, dakika tano tu, imefika."

"Dakika tano za wapi?" Zadock akamjibu, akihema. "Wewe Maxwell, woga umekula ile nane? Ni dakika arobaini kutoka hapa. Na kule kwa mama simu inavuta tano, si arobaini. Piga hesabu."

Maxwell akapiga. Ilikuwa zaidi ya saa tano.

Rachael alianza kuzunguka kitanda, mimi nikimbembeleza mtoto wangu mgongoni ambaye hakuwa akilia. Zadock akatuambia tutoe sauti peke yake kwenye video tuitume, picha ibaki. Sauti ilikuwa ndogo, ikafika tukiwa bado tunabishana kama imeenda. Kisha hatukuwa na la kufanya ila kutazama simu, na walipokuja na kitanda cha magurudumu ndipo jibu la mama lilipoingia, "Zadock, nenda. Lakini ukitoka huko usikae Nairobi kula chai na mkate, uje nikupikie." Alicheka, akawaambia wauguzi twende, na kwa mara ya kwanza niliona mguu wake umetulia.

Upasuaji ulifanyika, lakini moyo haukupata nguvu, na Ijumaa tarehe 14 Juni, saa kumi alasiri, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walijitahidi hadi mwisho, majirani wa Kangemi waliotulisha, mwajiri wangu wa Kileleshwa aliyeniruhusu kuja, na wenzake wa Westlands, Maxwell akiwa wa kwanza. Kaka, wewe uliyewaondolea wengine wasiwasi wa kungoja, sasa pumzika kwa amani yako mwenyewe.

Jioni ya Ijumaa ile mama alipoambiwa, hakulia kwenye simu, aliuliza tu, "Sauti nimeisikia. Na uso wake uko wapi?" Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda Westlands, Maxwell akanifungulia ofisi, nikatuma picha nzima, kisha nikampigia mama nikamwambia, itafika baada ya muda wa saa sita, mama, kaa karibu na simu.