Sifuri Niliyompa Yolima Cuesta

Mheshimiwa Mchungaji Abelardo Quinto, Mwenyekiti wa makanisa yetu, wachungaji wote, wahitimu wetu, na ninyi ndugu mliopanda ngazi zote zile na viatu vya sherehe:

Nimefundisha misingi ya imani chuoni hapa miaka ishirini na sita, na leo nakabidhi chaki. Wengi wetu tuliingia jiji hili la Medellín tukiwa tumefukuzwa na vita kutoka vijiji vya Mto Atrato, na Biblia zilizolowa maji. Watu wa mjini wakatuita wachungaji wa darasa la tatu. Hawakusema uongo, mimi shule niliishia hapo, mengine nimejisomea.

Ndiyo maana niliweka sheria ya dakika moja. Mwanafunzi hukaa kwenye benchi mbele ya kanisa, mshirika yeyote humuuliza swali la mafundisho, na akinyamaza dakika nzima amefeli. Nilitaka nini? Nilitaka asitokee tena mtu wa kutucheka.

Mwezi uliopita alikaa hapo dada Yolima Cuesta. Utatu aliueleza vizuri. Neema aliieleza kunishinda mimi. Kisha akainuka Mama Eufemia Rentería, ambaye mwanawe Wilmar alichukuliwa na watu wenye bunduki miaka kumi na tisa iliyopita, asionekane tena.

“Binti yangu,” akauliza, “mnasema mwili utafufuka. Mimi mwili sina. Kitafufuka nini?”

Yolima akamtazama tu. Dakika ikaisha. Akaondoka kwenye benchi, akaenda kukaa kando ya mama yule. Nami nikaandika sifuri, na kanisa la kule juu mlimani, lililomngoja miaka miwili, likabaki bila mchungaji.

Jumatatu Mama Eufemia akanigongea mlango. Nikamkaribisha kahawa.

“Kahawa yako kaa nayo. Swali lile nimekuuliza mara ngapi, mzee?”

“Nyingi, Mama.”

“Ukanijibu?”

“Kila mara.”

“Hata kwa Kigiriki! Nami nikirudi nyumbani nalia peke yangu. Yule binti alipokuja kukaa nami, aliniuliza Wilmar alipenda kula nini. Nani mwingine kaniuliza? Nikamwambia, wali wa nazi na samaki, na mkia alikuwa akiuiba sufuriani. Tukacheka mpaka tukalia. Ndipo akanisomea Wakorintho, polepole, akaniambia kwamba nisichokizika mimi, Mungu anajua kilipo. Sasa niambie, ile sifuri ni ya nani?”

Dakika yangu ikapita.

Ndugu zangu, baba yangu aliuawa uani kwetu, nami nikakimbia bila kumzika. Aliitwa Eleuterio. Somo la ufufuo nimelifundisha mara ishirini na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza nalitaja jina lake nikiwa mbele ya watu.

Wahitimu, msinielewe vibaya. Mafundisho yasomeni, na aya mzishike, kwa maana mchungaji asiyejua anachoamini atawafariji watu kwa upepo. Lakini je, nani kasema aliyefiwa anatujia na saa mkononi?

Alhamisi baraza la chuo lilikubali ombi langu. Sheria ya dakika moja imefutwa, na dada Yolima amefaulu.

Nawashukuru walimu wenzangu, akina mama wa jikoni, na nyote mlionivumilia kunisikiliza. Dada Yolima, pita mbele. Cheti chako sinacho mimi. Anacho Mama Eufemia mkobani tangu asubuhi, na amenikataza hata kukigusa.