Kivuli Kisicho na Mwenyewe

Kwenye benchi la kona, nje ya duka la kinyozi, kahawa ilikuwa bado inafuka na maneno yalishachemka. Fundi friji, ambaye tangu ashuke mlimani alitaka kila mtu amwite Kilele, alikuwa anaizungusha simu yake mkono hadi mkono. Kwenye picha amesimama peke yake ukingoni mwa jabali, mikono kiunoni, bonde lote miguuni pake, mawingu yamepangika utadhani yamelipwa. Mtaa mzima ulishamwita shujaa, na sifa zilimkolea hata friji za watu akawa anazitengeneza kwa kuzionea huruma.

— Rangi hizi vipi? aliuliza Wakili, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa kushindwa kila kesi pale benchini. Anga la bluu hivi nimeliona kwenye ndoo tu.

— Nimegusa mwanga tu, bwana. Simu haina macho ya mtu. Nimerudisha nilichokiona.

— Haki yake, alidakia Kinyozi. Hata mimi mteja akikaa kitini namsahihisha kidogo.

— Unamsahihisha, humwoteshi sikio la tatu.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alijibu Kinyozi. Ndiyo maana mlima haujawahi kuhama.

Hilo lilikosa mpinzani. Wakili akaikuza picha kwa vidole, akaiinamia.

— Na hiki kivuli hapa juu ya jiwe? Kimejipinda, kimepita mbele yako mpaka huku. Mwenyewe yuko wapi?

Kilele alikitua kikombe chini. Mnyororo wa pale ukingoni alikuwa ameufuta pichani kwa kidole, pete kwa pete, pamoja na nguzo zake za chuma, maana shujaa gani anasimama nyuma ya kizuizi? Kivuli chake hakukumbuka kukifuta.

— Ni... wingu.

— Wingu jembamba kama utumbo?

— Chatu, alisema Kinyozi, akimtetea rafiki. Alikuwa anapita juu.

— Juu? Chatu anaruka?

— Kule hewa nyepesi, ndugu yangu. Kila kitu kinaelea.

— Acha uongo wa kitoto, alisema Wakili. Hapo palikuwa na mti, ukakatwa zamani. Kivuli chake hakijapewa taarifa.

— Ndiyo! Kilele aliurukia mti ule kama ndugu aliyepotea. Ulikatwa zamani!

— Penye miti hapana wajenzi, alihitimisha Kinyozi, na kesi ikafungwa.

Ndipo akafika mwalimu wa chekechea, jirani yao. Hakukaa.

— Kaka, samahani. Jumapili tulipanga kumpeleka mama mlimani. Alikuwa anapanda na marehemu baba, sasa goti linamsumbua. Jana kaiona picha yako, akavua viatu alivyokuwa anavijaribu. Anasema enzi zao hapo ukingoni palikuwa na mnyororo wa kushikilia. Waliung'oa lini?

Benchi zima lilimtazama Kilele. Aliona aibu, ile ya kweli, inayopanda mpaka masikioni. Angeweza kusema zamani, na mama wa watu angebaki nyumbani.

— Hawajaung'oa, alisema fundi friji. Upo, tena imara. Nimeufuta mimi, kwenye picha.

— Kwa nini?

Wakili alichungulia ndani ya kikombe. Kinyozi alikumbuka ana mteja. Fundi friji aliifungua simu, akaanza kuitafuta picha ya kwanza, ile yenye mnyororo, ili mama aione.